Miaka 24 ya Kudai Jina

Uwanja ambako Jack Trice aliumizwa haupo tena. Ulikuwa mjini Minneapolis, ukiitwa Northrop Field, na mwaka 1924, mwaka mmoja tu baada ya siku ile, Chuo Kikuu cha Minnesota kiliuacha kikahamia uwanja mpya. Huo mpya nao ulibomolewa 1992. Uwanja wa timu yake mwenyewe kule Ames, katika jimbo la Iowa, ulivunjwa 1978, na leo pale kuna hosteli za wanafunzi. Ukimwomba mtu akuonyeshe nyasi zenyewe alizokanyaga, hakuna cha kukuonyesha. Lakini msimu wa futiboli ya Kimarekani ukifika, maelfu ya watu huegesha magari nje ya uwanja wa watu zaidi ya 60,000 ulioandikwa jina lake.

Mimi nilifika kwa Trice kupitia mbio. Novemba 2019 Mkenya Edwin Kurgat alishinda ubingwa wa mbio za nyika wa vyuo vya Marekani akiwa amevaa jezi ya Iowa State. Hakuwa wa kwanza wetu. Jonah Koech aliushinda ubingwa huo huo 1990, akiwa chuo hicho hicho. Yobes Ondieki, yule jamaa aliyekuwa binadamu wa kwanza kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 27, kule Oslo Julai 1993, naye alipitia Ames. Kwa hivyo nikaanza kusoma kuhusu chuo hiki kinachopokea vijana kutoka Bonde la Ufa na Kisii, nikakutana na jina la uwanja wake mkubwa.

Majina ya viwanja vya Marekani mara nyingi ni ya matajiri, makampuni au makocha waliotwaa vikombe. Hili ni la kijana Mweusi wa miaka 21 aliyeichezea timu ya chuo mechi mbili tu. Nilitaka kujua lilifikaje pale. Jibu, kwa kifupi, ni kwamba kuna watu walikataa kunyamaza kwa miaka 24. Jibu refu linaanzia shambani.

John Trice, ambaye kila mtu alimwita Jack, alizaliwa 1902 katika kijiji cha Hiram, Ohio. Babu na bibi zake walikuwa wamezaliwa utumwani. Baba yake, Green Trice, alikuwa askari katika vikosi vya wapanda farasi Weusi vya jeshi la Marekani kabla ya kutulia kwenye kilimo, akafariki Jack akiwa bado mtoto mdogo. Mama yake, Anna, akabaki na mtoto huyo mmoja. Alipofika umri wa sekondari, mama alimtuma mjini Cleveland akakae kwa mjomba na kusoma shule ya ufundi ya East Technical. Hapo ndipo mwili wake mkubwa ulipopata kazi. Alicheza safu ya mbele, ile inayosukumana na kubomoana ili mwenzao apate njia ya kupita na mpira.

Kocha wake wa shule, Sam Willaman, alipata kazi ya kufundisha timu ya Iowa State mwaka 1922. Wachezaji wake kadhaa wa shule wakamfuata, Trice akiwemo. Ndivyo akawa mwanamichezo Mweusi wa kwanza katika chuo hicho. Mchezo hata hivyo haukuwa sababu yake ya pekee ya kwenda. Alijiandikisha kusomea ufugaji, na nia yake ilikuwa kwenda kusini mwa Marekani baada ya kuhitimu, awasaidie wakulima Weusi kuboresha mashamba na mifugo yao. Kielelezo alikuwa nacho palepale. George Washington Carver alikuwa mwanafunzi Mweusi wa kwanza wa Iowa State, akachukua shahada 1894 na nyingine 1896, akafundisha hapo, halafu akahamia Tuskegee, Alabama, kuwafundisha watoto wa waliokuwa watumwa namna ya kuurudishia udongo nguvu zake.

Alikuwa ameoa msichana aitwaye Cora Mae. Ili wapate karo na chakula alifanya vibarua, pamoja na kazi katika State Gym, jengo la michezo la chuo. Mwaka wa kwanza sheria haikuruhusu wanafunzi wapya kuichezea timu kubwa, kwa hiyo alingoja, akifanya mazoezi, akirusha tufe na kisahani, akifaulu darasani. Msimu wa 1923 ukafika. Mechi ya kwanza ilikuwa dhidi ya chuo kidogo cha Simpson. Ya pili ndiyo iliyokuwa kubwa, ugenini dhidi ya Minnesota, Jumamosi tarehe 6 Oktoba.

Usiku wa kuamkia mechi hiyo, akiwa hotelini Minneapolis, Trice alichukua karatasi ya hoteli akajiandikia barua. Ni fupi. Imehifadhiwa katika maktaba ya chuo na nimeisoma zaidi ya mara moja. Anasema haya ni mawazo yake kabla ya mechi ya kwanza ya kweli ya chuo maishani mwake. Anasema heshima ya watu wa rangi yake, ya familia yake na yake mwenyewe iko hatarini. Kila mtu anamtarajia afanye mambo makubwa, na anajiahidi kwamba atayafanya. Mwili wake wote na roho yake yote, anasema, atavirusha uwanjani kesho bila kujihurumia. Halafu, na hapa ndipo huwa natulia kidogo, anageuka kuwa kocha wake mwenyewe. Pigana ukiwa chini, macho wazi. Angalia mbinu hii na ile ya wapinzani. Kaa macho kila dakika ukitaka kufaulu.

Nusu ya barua inabeba watu wote Weusi wa Marekani na nusu nyingine ni maagizo ya kazi. Ukiwahi kuwa wa kwanza mahali, wa kwanza kutoka kwenu kuingia chuo au wa kwanza wa kabila lako kwenye ofisi fulani, unaijua barua hii hata kama hujaiandika. Unaingia chumbani na watu wenu wote wako mgongoni, na bado lazima ukumbuke kazi yenyewe inafanywaje.

Mwanzo kabisa wa mechi Trice alivunjika mtulinga, ule mfupa unaounganisha bega na kifua. Alisema yuko sawa, akaendelea kucheza. Katika robo ya tatu, Minnesota wakishambulia upande wake, alijirusha chini na kubingirika mbele yao ili awaangushe. Aliishia chali. Wachezaji watatu wa Minnesota wakampitia juu. Walimtoa uwanjani wakampeleka hospitali, na madaktari wa Minneapolis wakasema anaweza kusafiri. Iowa State ilikuwa imefungwa 20 kwa 17. Trice alirudishwa Ames kwa treni usiku ule, amelazwa juu ya godoro la majani makavu, safari ya zaidi ya kilomita 300.

Ames hali ikazidi kuwa mbaya. Daktari bingwa aliyeitwa kutoka Des Moines aliona kumpasua ni hatari mno. Jumatatu, tarehe 8 Oktoba 1923, alifariki kwa kuvuja damu ndani. Cora Mae alikuwa ameitwa akamwone. Miaka 65 baadaye, akiwa bibi mzee, aliandikia chuo kueleza alichokumbuka kuhusu siku ile, na moja ya aliyoyakumbuka ni kengele za mnara wa chuo zikigonga saa tisa alasiri, na mumewe akawa ameondoka. Mnara huo wa kengele, Campanile, bado upo. Ulijengwa mwishoni mwa karne ya 19 na umeviona viwanja vyote hivi vikija na kwenda.

Je, walimkanyaga makusudi? Walioshuhudia hawakukubaliana siku ile, na hawajawahi kukubaliana. Kuna waliosema ni mchezo tu wa enzi ile, mchezo uliovunja mifupa ya watu wengi bila kujali rangi. Kuna waliosema wale jamaa walijua vizuri wanamkanyaga nani. Mimi sitaamua kesi hiyo kutoka Nairobi. Ila kuna jambo lisilohitaji shahidi. Wakati huo vyuo kadhaa vya eneo hilo vilikuwa na makubaliano ya kimyakimya kwamba mchezaji Mweusi hapangwi dhidi yao. Trice aliingia uwanjani katika mfumo ambao tayari ulikuwa umeamua kwamba kuwepo kwake ni tatizo. Baada ya kifo chake, Iowa State na Minnesota hawakukutana tena kwenye futiboli hadi 1989.

Jumanne masomo yalisimamishwa. Watu wapatao 4,000, wanafunzi na walimu, walikusanyika katikati ya kampasi, karibu na ule mnara, jeneza likiwa mbele yao. Kabla ya mazishi barua ilipatikana kwenye mfuko wa koti lake, na rais wa chuo, Raymond Pearson, akaisoma kwa sauti mbele ya umati. Wanafunzi wakachanga zaidi ya dola 2,000, pesa nyingi sana wakati huo, kulipia mazishi na kumsaidia mama yake, ambaye alikuwa ameweka shamba rehani. Mwili ukasafirishwa ukazikwa Hiram.

Anna Trice alimwandikia Rais Pearson barua ya shukrani. Hii ndiyo karatasi ya pili katika historia hii, na kwangu ina uzito kuliko ile ya kwanza. Anasema kama maisha na kifo cha mwanawe vitakuwa na kitu cha kuwatia moyo wanafunzi Weusi watakaokuja Ames, basi hakuishi wala kufa bure. Halafu anageuka. Anamwambia rais wa chuo kwamba anajivunia heshima alizopewa mwanawe, lakini huyo ndiye pekee aliyekuwa naye, na sasa yeye ni mzee na yuko peke yake, na siku zilizo mbele ni za upweke na huzuni.

Wengi wanaomtaja Trice hupenda nusu ya kwanza ya barua hiyo. Inafaa kwa hotuba. Nusu ya pili haifai kwa hotuba yoyote, na ndiyo iliyonifanya niandike haya. Kila heshima iliyofuata inabidi ipimwe mbele ya mama huyo.

Heshima ya kwanza ilikuwa bamba la shaba lenye maneno ya barua ya Trice, likawekwa State Gym, kwenye jengo alilokuwa akifanyia kibarua. Halafu maisha yakaendelea. Waliolia mwaka 1923 wakahitimu. Waliowafuata wakasikia hadithi kidogo, waliowafuata hao hawakuisikia kabisa. Mwaka 1957 mwanafunzi mmoja aliliona bamba hilo limefunikwa na uchafu, akashangaa, akachimba habari na kuandika makala katika jarida la wanafunzi. Makala ikasomwa, kisha nayo ikasahaulika.

Hilo halipaswi kutushangaza. Kwenye chuo nilichosoma mimi hapa nyumbani kuna bamba nyuma ya mlango wa ukumbi, na mlango ukifunguliwa, ambavyo ndivyo unavyokaa mchana kutwa, bamba linafichwa. Nilipita pale miaka minne. Nilipokuja kulisoma nilikuwa nimeenda kuchukua vyeti. Kampasi ni mahali ambapo kila mtu anapita, na kitu kilichotundikwa ukutani hakisemi lolote mpaka mtu mmoja asimame.

Mtu alisimama tena 1973, miaka 50 baada ya kifo. Hali ilikuwa tofauti safari hii kwa sababu moja. Chuo kilikuwa kikijenga uwanja mpya. Ule wa zamani, ambao tangu 1938 uliitwa Clyde Williams Field kwa heshima ya kocha wa zamani, ulikuwa umechoka. Wanafunzi pamoja na mwalimu mmoja wa Kiingereza walikuwa wamechimbua upya habari za Trice darasani, wakaona kitu ambacho mwaka 1957 hakikuwepo. Kulikuwa na jengo kubwa ambalo bado halikuwa na jina.

Basi wakaanza. Waliunda kamati. Serikali ya wanafunzi ikapitisha kwa kauli moja kwamba uwanja uitwe Jack Trice. Wakakusanya sahihi zaidi ya 3,000. Magazeti ya jimbo yakaandika. Na uongozi wa chuo ukafanya kile ambacho uongozi wa chuo popote duniani unakijua kuliko chochote. Ulingoja.

Komredi yeyote aliyewahi kuandika barua kwa ofisi ya mkuu wa chuo anaujua mchezo huu. Mwanafunzi ana miaka minne. Wa kwanza anatafuta darasa liko wapi, wa mwisho anatafuta kazi. Katikati ana miaka miwili ya kupigania kitu. Ofisi haina haja ya kukukatalia. Inaunda kamati ya ushauri, inasema suala linaangaliwa, inaomba subira, na kabla hujajua, umevaa joho na kofia na unapiga picha na wazazi. Aliyeanza kudai ameondoka, aliyeingia hajui dai lilikuwa nini. Uwanja mpya ulifunguliwa Septemba 1975 bila jina la Trice. Watu wakauita Cyclone Stadium, yaani Uwanja wa Kimbunga, kutokana na jina la utani la timu zote za chuo.

Lakini safari hii dai halikufa, na hapa ndipo palipo na historia yenyewe. Kila kundi lililohitimu liliacha nyuma watu wanaojua. Gazeti la wanafunzi liliendelea kuandika. Serikali ya wanafunzi mpya ilipoingia ilikuta suala mezani, ikalichukua kama mkimbiaji wa kupokezana anavyochukua kijiti, bila kumwona aliyeanza mbio. Hesabu mwenyewe. Kutoka 1973 hadi 1997 ni miaka 24. Kwa masomo ya miaka minne, hivyo ni vizazi sita vya wanafunzi. Waliotia sahihi zile 3,000 za mwanzo walikuwa na watoto wanaokaribia umri wa kwenda chuo walipopata jibu.

Mwaka 1984 chuo kilitoa nusu ya mkate. Uwanja ungeitwa Cyclone Stadium, na sehemu ya kuchezea, zile nyasi za katikati, ingeitwa Jack Trice Field. Kwa maneno mengine, viti na zege ni vya Kimbunga, majani ni ya Trice. Wanafunzi walipokea nusu hiyo ila hawakushukuru sana. Wakaamua kutumia pesa zao wenyewe. Kupitia serikali yao waligharimia sanamu ya shaba iliyochongwa na Christopher Bennett, ikasimamishwa 1988 katikati ya kampasi, karibu na jengo lenye jina la Carver. Haimwonyeshi Trice akigongana na mtu. Inamwonyesha na barua yake.

Wewe unaweza kuuliza swali la haki kabisa. Mtu aliyecheza mechi mbili, anastahili uwanja mzima? Kuna waliocheza miaka minne, wakafunga, wakashinda, wakaenda ligi ya kulipwa. Kama kipimo ni mabao, Trice hana kitu. Nami nimelifikiria swali hili. Jibu langu ni kwamba uwanja ni mali ya jumuiya, na jina lake ni jibu la swali hili: sisi tulidaiana nini na watu wetu? Iowa State ilimpokea Trice kuliko vyuo vingi vya wakati ule vingevyompokea, na hilo tuliseme. Ila ilimpeleka Minneapolis peke yake wa rangi yake, na ikamrudisha kwenye godoro la majani. Anayedaiwa hivyo hapimi deni kwa idadi ya mechi.

Katikati ya miaka ya 1990 majina ya majengo yaligeuka moto hapo Ames. Jengo la zamani la botania lilikarabatiwa na 1995 likapewa jina la Carrie Chapman Catt, mhitimu wa chuo hicho aliyeongoza kampeni ya wanawake wa Marekani kupata kura. Wanafunzi, wengi wao Weusi, walilalamika kwamba katika kampeni hiyo Catt aliwahi kuwatuliza watu wa majimbo ya kusini kwa hoja kwamba kura za wanawake hazingedhuru utawala wa Wazungu. Waliandamana. Jina la Catt halikuondolewa. Lakini chuo kinachojadili nani anastahili jengo hakiwezi kukwepa kuulizwa kuhusu yule ambaye wanafunzi wamekuwa wakimtaja tangu 1973. Mwaka 1997 bodi inayosimamia vyuo vya umma vya jimbo ilikubali, na tarehe 30 Agosti mwaka huo uwanja mzima ukawa Jack Trice Stadium. Katika daraja la juu la futiboli ya vyuo vya Marekani, hakukuwa na uwanja mwingine uliopewa jina la Mmarekani Mweusi. Sanamu ikahamishwa kutoka katikati ya kampasi ikapelekwa uwanjani.

Ningeweza kuishia hapo, na ingekuwa hadithi tamu. Lakini majengo hayaachi kubadilika, na majina nayo hayakai yalipowekwa.

Chukua ule uwanja wa zamani uliovunjwa 1978. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 palijengwa hosteli mbili, na moja iliyofunguliwa 2004 inaitwa Martin Hall. Archie na Nancy Martin walikuwa mume na mke Weusi wa mjini Ames. Zama za Trice, mwanafunzi Mweusi hakuwa akikaribishwa katika hosteli za chuo, na akina Martin ndio waliofungua mlango wa nyumba yao wakawapa watoto wa watu pa kulala na chakula. Leo mahali ambapo timu ya Trice ilikuwa ikicheza kuna hosteli ya chuo, yenye jina la watu waliowalaza wale waliokuwa wamekataliwa hosteli za chuo. Hakuna sanamu inayosema hivyo vizuri kuliko kitanda ambacho mwanafunzi yeyote anaweza kupangiwa.

Sasa chukua upande wa pili. Mwaka 2019 nyasi za Jack Trice Stadium ziliuziwa jina. Zinaitwa MidAmerican Energy Field, kwa mkataba na kampuni ya umeme. Angalia mzunguko huu. 1984 nyasi zilikuwa za Trice na uwanja haukuwa wake. Tangu 2019 uwanja ni wake na nyasi ni za kampuni. Sisemi kampuni ilifanya uovu wowote. Michezo ya vyuo vya Marekani ni biashara ya mabilioni ya dola na kila kona ina bei. Nasema tu kwamba jina lililopiganiwa miaka 24 linakaa leo jirani na jina lililolipiwa, kwenye kibao kimoja, na mtangazaji anayataja yote mawili kwa sauti ile ile.

Karne moja tangu kifo chake ilipokaribia, chuo kiliongeza mambo. Mwaka 2022 kipande cha barabara karibu na uwanja kiliitwa Jack Trice Way, na sanamu mpya, Breaking Barriers, ikazinduliwa. Oktoba 2023 timu ilicheza na TCU kwenye uwanja huo na kushinda 27 kwa 14, wiki ile ile ya kumbukumbu yake.

Huku kwetu tuna mazoea ya majina pia. Ukitoka Kasarani ukaenda Nyayo unajua nani aliyatoa. Kipchoge Keino ana uwanja Eldoret, na hilo ni jambo zuri, lakini wanamichezo wetu wengi tunawaita mashujaa siku wanaposhuka ndege na kuwasahau kabla hawajafika kijijini. Habari ya Trice inanifundisha kitu kimoja kuhusu hili, nacho si kwamba wenzetu ni bora. Walimsahau kijana huyu kwa miaka 50 huku bamba lake likiwa ukutani. Kilichomrudisha ni watoto wa miaka 20, wasio na cheo wala pesa, waliosoma kitu kwenye gazeti la shule na kuamua mkuu wa chuo hatalala kwa amani. Wengi wao hawakuuona ushindi wakiwa wanafunzi. Ukiwa kampasi leo na una jambo unalolidai, panga mapema nani atalishika ukishahitimu, kwa sababu ofisi imeshapanga kukungoja.

Narudi kwa Anna Trice na nusu ile ngumu ya barua yake. Uwanja hauwezi kumjibu. Wala sanamu, wala barabara. Alisema alijivunia heshima, na kwamba heshima haikumwondolea upweke. Kwa hiyo mimi huwa sina raha sana na hotuba zinazosema kifo cha mwanawe kilileta mema mengi. Hakuwa ametumwa Ames akafe kwa ajili ya mema mengi. Alitumwa akasome.

Ndiyo maana kati ya yote yaliyofanywa mwaka 2023, ninalolikumbuka mimi halikufanyika uwanjani. Mwezi huo wa Oktoba, Iowa State ilimtunuku Jack Trice shahada ya ufugaji, ikaikabidhi familia yake. Ni karatasi tu, na imechelewa karibu miaka 100. Lakini ndiyo heshima pekee, katika orodha yote hiyo ndefu, ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameomba.